Foleni ya Mmangwane

Kufikia saa tisa mchana wa Ijumaa ile Matshediso Letuka alikuwa hajapata hata unyoya wa kumshikia mtu, na muda ulikuwa unayoyoma. Aliegesha gari ng'ambo ya barabara, akateremsha kioo, akalikazia macho duka la Kwa Mmangwane, yaani Kwa Mama Mdogo, kama alivyokuwa akiyakazia mabucha enzi zake. Miaka ishirini na mmoja alikuwa bibi afya wa manispaa ya Bloemfontein. Wauza nyama wakimwona tu anakata kona, wanaanza kupiga deki. Baada ya kustaafu akaajiriwa na wakili Tshokolo Phakoe, yule anayewashauri wenye vibanda na gereji za uani kwa ada ambayo mara nyingine huletwa ikiwa hai, imefungwa miguu.

Simu ikalia. Alikuwa Phakoe mwenyewe.

"Ausi, dada yangu, umepata nini?"

"Nimepata jua la kunichoma utosi."

"Acha mzaha, mama. Ofisi yao inafungwa saa kumi na moja. Ikifungwa na barua haijafika, Mme Disebo kwisha habari yake."

"Kampuni umeichunguza tena?"

"Imesajiliwa. Kodi imelipwa. Kitabu cha maelezo walimpa siku kumi na nne kabla ya kusaini, kama sheria inavyotaka, na sahihi ya kukipokea ipo. Hawa watu wamejipanga, nakwambia."

Matshediso akaguna. Alizoea wezi wavivu, wale wanaoacha nyama mbovu juu ya meza. Huyu mwenye kujipanga alikuwa anamuudhi.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mme Disebo Ramakau, yaani Mama Disebo, mjane wa miaka sitini na kidogo, alikuwa na kibanda pembeni ya kituo cha mabasi kwa miaka ishirini na sita, akikaanga makwenya, yale maandazi ya duara yanayopasuliwa katikati na kushindiliwa ini au nyama ya kusaga na achari. Kampuni ikamfuata: nunua jina letu, Mme, ufungue duka lako chini ya bango la Kwa Mmangwane, tukupe jiko, sare na wateja. Akasaini. Hakuomba ushauri wa mtu. Kwa Phakoe alikwenda kugongewa muhuri nakala tu, na Phakoe, ambaye hata karatasi ya kufungia samaki lazima aisome, akafika kifungu cha kumi na tisa akashika kichwa. Kifungu kilisema kwamba kuanzia sasa, na kwa miaka mitano hata biashara ikifa, Mme Disebo haruhusiwi kukaanga makwenya yake mwenyewe mahali popote katika mkoa mzima.

"Lakini sheria inamruhusu kughairi," Matshediso alikuwa amesema siku ile ofisini.

"Inamruhusu. Siku kumi za kazi tangu kusaini, bila sababu wala faini. Shida ni moja. Mwenyewe hataki."

Na kweli hakutaka. Aliketi pale kwenye kiti cha Phakoe, mkoba mapajani, akawatazama wote wawili kwa huruma. "Nyinyi ni watu wa karatasi," alisema. "Mimi nimeona foleni. Kwa macho yangu haya! Watu zaidi ya thelathini, Ijumaa mchana, wamesimama kwa adabu. Kwangu miaka yote wanakuja mmoja mmoja kama matone ya bomba bovu. Leteni sababu ya kunifanya niikimbie foleni ile, nitaghairi. Msipoleta, niacheni nile uzee wangu."

Basi kazi ya Matshediso ikawa ni hiyo: foleni.

Jana yake, Alhamisi, alikuja akakaa saa mbili nzima, akahesabu wateja watatu, mmoja wao kaja kuuliza choo. Akaona amewanasa. Akaingia akamuuliza msimamizi, kijana wa viatu vya kung'aa aitwaye Katleho Mofubelu: mbona patupu hivi? Katleho hakubabaika hata kidogo. "Mme, leo si Alhamisi? Akina mama wote wako kwenye sala zao. Nani atakula?" Matshediso akanywea. Yeye mwenyewe saa ile alitakiwa awe kanisani na blauzi yake nyekundu na kola nyeupe, na mwenyekiti wa akina mama alikwisha kumtumia ujumbe wa kumuuliza kama anaumwa.

Sasa ni Ijumaa. Na saa tisa na robo, lo! Foleni ikatokea.

Watu walitoka nyuma ya jengo wawili wawili, watatu watatu, wakajipanga mbele ya dirisha la kuuzia mpaka mstari ukakata kona. Hakuna aliyesukumana. Hapohapo gari dogo jeupe likasimama, wakashuka mume na mke wa makamo, mume kabeba faili. Katleho akatoka mbio kuwalaki, mkono mmoja ukiwaonyesha foleni kana kwamba kaifuga mwenyewe.

"Wanunuzi wapya," Matshediso akanong'ona. Akafunga gari, akajitia kwenye foleni karibu na kona, nyuma ya mzee mwembamba mwenye kofia.

Kwanza akahoji, kiujanja, kama mtu anayepoteza muda.

"Ntate, makwenya ya hapa yakoje?"

"Ni matamu, laini, na bei yake ni nafuu kwa familia," akasema mzee.

"Na wewe, abuti?" Akamgeukia kijana aliye nyuma yake.

"Ni matamu, laini, na bei yake ni nafuu kwa familia."

Heh. Familia moja hii, au? Matshediso akatumia macho. Mbele kabisa wamesimama wanawake, wembamba na wanene, vijana na vikongwe, ila wote wanawake. Nyuma yao wanawake tena, halafu wanaume, halafu wanaume wengine waliokwenda kupotelea kwenye kona. Katika miaka yote ya kukagua vioski hakuwahi kuona foleni ambayo mume hakusimama na mkewe, wala mama na mwanawe. Nani anajipanga hivi kununua chakula? Akafikiria mazishi. Akafikiria gereza. Hakuna lililokaa sawa.

Dirisha lilikuwa linachelewa makusudi, ndivyo foleni inavyoonekana ndefu. Dakika kumi zikapita. Watu wakaanza kuchoka, wakabadilisha miguu. Mwanamke mmoja huko mbele, bila kufikiri, akaanza kuimba chinichini wimbo wa kanisani, wa taratibu. Wa pembeni yake akamdaka. Sauti ya pili ikaingia chini yake, nyororo. Mzee mwembamba akafunga macho na kuingia na ya tatu, na kutoka kule kwenye kona ikaja besi iliyotetemesha kibao cha bei.

Sasa Matshediso ni binadamu. Wimbo ule alikuwa ameuimba tangu kipaimara. Alivumilia ubeti mmoja. Wa pili ukamshinda, mdomo ukafunguka wenyewe.

Kijana wa nyuma akamgusa bega kwa heshima zote. "Samahani, Mme. Wewe ni sauti ya pili. Umesimama kwa watenori. Sogea mbele pale, baada ya yule wa sweta ya njano, wasije wakakuvuruga."

Matshediso akageuka taratibu. "Unasemaje, mwanangu?"

"Sauti ya pili wako pale..." Kijana akauangalia vizuri uso wake. "Kwani wewe si wa kwetu?"

Hapo ndipo bibi afya alipocheka. Alicheka mpaka ikabidi aegemee ukuta, na mzee mwembamba akampepea kwa kofia akidhani ni jua. Thelathini na wawili, wamejipanga kwa sauti! Waliambiwa wasimame kama wateja, wakasimama kama walivyozoea kusimama tangu utotoni, na hakuna hata mmoja aliyeona ajabu.

"Mwalimu wenu wa kwaya ni nani?" akauliza alipopata pumzi.

Akaonyeshwa mwanamke mfupi wa shungi la buluu, wa kwanza kwenye mstari. Aliitwa Mme Nthofela Khoabane, kutoka Botshabelo, na kwaya ilikuwa yake kwa miaka kumi na minane. Matshediso akamvuta kando, nyuma ya matangi ya gesi.

"Mme, mnafanya nini hapa?"

"Tunapigwa picha za tangazo la televisheni," akasema Nthofela kwa fahari. "Kila Ijumaa wakija wageni. Wanatupa basi la kutupeleka mashindano ya Durban mwezi wa kumi na mbili."

"Kamera umeiona?"

"Katleho anasema imefichwa, ili tuonekane wa asili."

"Na wale wageni ni akina nani?"

"Wakubwa wa televisheni."

"Wale pale ni mume na mke wanaotaka kununua duka, dada yangu. Wanaangalia foleni yenu wanadhani ni wateja. Mama mwingine mjane aliwaangalia hivihivi mwezi jana, akasaini. Leo ndiyo siku yake ya mwisho ya kujitoa. Asipotoka, haruhusiwi kushika karai la mafuta miaka mitano."

Uso wa Nthofela ulibadilika mara tatu. Mwisho ukatulia kwenye hasira, hasira safi ya mwalimu. "Kwaya yangu?" akasema. "Kwaya yangu imetumika kama chambo? Yuko wapi huyo mama?"

Yule mama alikuwa ndani, kwenye chumba cha nyuma, amesimama juu ya kiti huku msichana akimpima sare. Kifuani palikuwa pamekwisha kushonwa: Kwa Mmangwane.

"Ausi Matshediso!" akaita kwa furaha. "Umekuja kununua? Umeiona foleni?"

"Nimeiona, Mme. Nimeimba nayo. Shuka, njoo nikuonyeshe."

"Usinianzie mambo yako ya karatasi..."

"Sina karatasi. Shuka."

Alishuka akinung'unika, na sindano zimemning'inia kwenye pindo. Matshediso akamsimamisha mlangoni, mbele ya mstari mzima. Katleho alikuwa kule kwenye gari jeupe, akiwafungulia wageni wake faili na kuwaeleza kwamba wateja wa hapa huimba kwa raha.

"Hawa ni nani, Mme?"

"Wateja. Una macho au huna?"

Matshediso akamwashiria Nthofela. Mwalimu akainua kidole kimoja tu, kidogo, kama anayefukuza inzi. Wateja thelathini na wawili wakavuta pumzi kwa pamoja. Kidole kikashuka, na mlango wote ukajaa sauti nne kwa mkupuo, zimepangika kuanzia dirishani mpaka kwenye kona.

Mme Disebo alisimama mdomo wazi. Kidole kikafunga, wateja wakanyamaza. Akamtazama Nthofela, akatazama mstari, akatazama sare yake. Kisha akakaa juu ya kreti la soda.

"Mama yangu weee," akasema. "Nimenunua kwaya."

Alianza kucheka huku machozi yanamtoka, na ilichukua muda kujua kipi kilikuwa kinashinda. "Niliringa!" akasema akipiga mapaja. "Niliringia mtaa mzima! Lete barua hiyo, ausi. Lete upesi kabla sijazimia."

Matshediso akaifuata garini barua ambayo Phakoe alikwisha kuiandika, mistari minne, imebaki sahihi. Mme Disebo akaisaini juu ya mgongo wa mzee mwembamba, aliyeinama bila kuulizwa. Wakamwendea Katleho.

Alisoma mstari wa kwanza, akatabasamu. Tabasamu lilikuwa la mtu aliyesoma sheria, na Matshediso akajiambia, haya, mchezo sasa.

"Mme Disebo, pole sana. Ulisaini Alhamisi tarehe kumi na saba. Leo ni tarehe mbili. Siku kumi zilipita zamani."

"Siku kumi za kazi," akasema Matshediso.

"Sawa, za kazi. Tuhesabu pamoja." Akahesabu kwa vidole, mbele ya wageni wake, akaruka Jumamosi na Jumapili zote kwa uaminifu mkubwa. Kidole cha kumi kiliangukia jana. "Unaona? Mimi si mwizi. Jana ningeipokea kwa mikono miwili."

Wageni wakatikisa vichwa kwa kumsikitikia mjane. Mme Disebo akashika kifua. Matshediso mwenyewe alihesabu upya kimoyomoyo na kidole kikaangukia palepale. Halafu akakumbuka Alhamisi nyingine, iliyotangulia ile ya jana. Siku hiyo hakukaa kwenye gari. Alikuwa uani kwa dada yake, amevaa blanketi la Kisotho kwenye joto lile, anakula nyama ya kuchoma na mtaa mzima.

"Tarehe ishirini na nne mlifungua duka?" akauliza polepole.

"Tarehe ishirini na nne? Hapana, ilikuwa Siku ya Urithi. Nchi nzima ili..." Akasita.

"Malizia, mwanangu. Nchi nzima ilifanya nini?"

Ilimbidi akamilishiwe na yule mke wa kwenye gari jeupe, ambaye hakuwa na ubaya na mtu. "Ilipumzika," akasema. "Hata benki."

"Basi haikuwa siku ya kazi," akasema Matshediso. "Itoe. Siku ya kumi ni leo. Na sasa ni saa kumi kasoro dakika tano. Pokea barua."

Kijana alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alirudisha mikono mgongoni, akaingia ofisini, akafunga mlango kwa ufunguo. "Mimi sijapokea kitu!" sauti yake ikasikika ndani. "Sijaona barua, sijasoma barua!"

Matshediso akapiga mlango. Akaipitisha barua chini ya mlango, ikarudishwa. Akaipitisha tena, ikarudi na alama ya kiatu.

"Atasema mbele ya hakimu kwamba hatukumfikia," akamwambia Nthofela. "Ninahitaji mashahidi waliosikia akisomewa."

"Mashahidi wangapi?"

"Wawili wanatosha."

"Mimi ninao thelathini na wawili," akasema Nthofela. "Nipe hiyo karatasi."

Akaipanga kwaya mbele ya dirisha la ofisi. Akasoma barua mara moja kimya, akatikisa kichwa kutafuta mapigo, akawapa sauti zao kwa kuvuma: ya kwanza, ya pili, ya tatu, besi. Kisha akaanza yeye peke yake, kwa sauti nyembamba iliyopenya vioo.

"Mimi, Disebo Ramakau!"

"Ameghairi, ameghairi!" kwaya ikaitikia.

"Ninaughairi mkataba!"

"Ameghairi, ameghairi!"

"Wa tarehe kumi na saba!"

"Ameghairi! Katleho, sikia! Ameghairi!"

Hili la Katleho halikuwamo kwenye barua, ila lilikaa vizuri kwenye wimbo. Wakarudia kuanzia mwanzo. Mara ya tatu wakaongeza kupiga miguu, kwa zamu, kushoto na kulia. Watu wa gereji ya jirani wakatoka na spana mikononi. Msichana wa kushona sare akatoka naye akaingia sauti ya kwanza. Mwenye faili akamtazama mkewe, mkewe akamtazama, na mume akarudisha kalamu yake mfukoni na kuufunga mfuko kwa kifungo. Matshediso mara hii alisimama mahali pake, baada ya yule wa sweta ya njano, na aliimba bila aibu, saa ya mkononi ikiwa mbele ya macho yake.

Saa kumi na dakika ishirini dirisha likafunguka kidogo. Mkono ukatoka.

"Nipeni hiyo karatasi," akasema Katleho kwa unyonge. "Nisaini muondoke. Watoto wa mtaa wanaimba jina langu."

Alisaini nakala mbili, akaandika tarehe na saa. Matshediso akazisoma neno kwa neno, akazipiga picha, akampelekea Phakoe. Jibu la Phakoe lilikuja kwa sekunde chache, neno moja tu la Kisotho lisilofaa mbele ya wanakwaya, lakini la furaha.

Vigelegele vikapasuka. Mme Disebo alivua sare ya watu, akamkabidhi yule msichana, akabaki na gauni lake la maua. Akazunguka kumshika mkono kila mwanakwaya, kuanzia mbele. Alipofika mwisho, kwenye mabesi waliokuwa wamebanwa na kona, akakutana na jitu la mtu, fundi wa kuchomelea, kabeba ndoo nyeupe yenye mfuniko. Wote wawili wakaganda.

"Wewe!" akasema Mme Disebo. "Si wewe wa ndoo? Arobaini ya ini, kila Ijumaa asubuhi!"

"Ndiyo mimi, Mme." Sauti yake ilitokea tumboni. "Ijumaa iliyopita uliniambia unafunga kibanda. Nimewaambia wenzangu, wiki nzima hatuna raha. Leo tumeimba na njaa."

"Arobaini unayala wewe?"

"Hapana, Mme! Mimi hutumwa tu. Basi letu likifika kituoni nashuka mimi, naleta, tunakula wote humo ndani kabla ya kuja hapa. Ya hapa..." Akashusha sauti kwa heshima ya jirani. "Ya hapa yanaganda kooni. Mwalimu ametukataza."

Mme Disebo aligeuka akautazama mstari wote, kuanzia besi mpaka sauti ya kwanza, watu thelathini na wawili wamesimama kwa adabu, wanamngojea aseme kitu.

"Kumbe foleni ilikuwa yangu," akasema. Akaikunja mikono ya gauni lake. "Haya, pandeni basi twendeni. Unga upo, mafuta yapo. Ausi, wewe shika ndoo."